Mashine Imekataa: Tusome Ilichoandika

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya matano kwa herufi kubwa za kusomeka: error, warning, not found, denied, no such file. Wanafunzi wayanakili katika daftari zao. Maana zake zitaelezwa ndani ya somo. Amri zote zitakazotajwa zimechapishwa hapa ili wanafunzi waone kwa macho yale waliyoyasikia kwa masikio.

Ndugu wasikilizaji, hamjambo? Karibuni tena katika somo letu. Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu, na kwamba wale waliokaa nyuma wanaisikia redio vizuri.

Leo tutajifunza habari ya kazi ambayo huwashinda watu wengi, hata wale waliokaa shuleni miaka mingi. Kazi yenyewe ni kuiweka lugha ya programu ndani ya kompyuta kwa kuijenga kutoka maandishi yake ya asili. Tena tutajifunza jinsi ya kutafuta kosa pale kompyuta inapokataa.

Pengine mtu atauliza, "Sisi tunajifunza kusoma na kuandika. Mambo haya yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Gari likiharibika hunguruma au hunyamaza tu, na fundi hana budi kukisia. Kompyuta ikikataa kazi, huandika. Huandika sababu ya kukataa kwake, na mara nyingi huiandika wazi kabisa. Asiyesoma hubahatisha. Anayesoma hutengeneza. Kwa hiyo somo la leo, ingawa lina habari za mashine, ni somo la kusoma.

LUGHA YA PROGRAMU NI KITU GANI?

Kompyuta haielewi Kiswahili, wala Kiingereza, wala Kiarabu. Inafuata amri zilizo katika namba tu. Kwa kuwa ni taabu kubwa kwa mwanadamu kuandika namba tupu mchana kutwa, watu wamebuni lugha za programu. Mtu huandika kwa maneno na alama anazoweza kuzisoma, kisha programu nyingine hufasiri maneno hayo kwa ajili ya mashine.

Leo tutatumia mfano wa lugha moja iitwayo Python. Lugha hii ilibuniwa na Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya hesabu na kompyuta mjini Amsterdam. Alianza kuiandika mwishoni mwa mwaka 1989, akaitoa kwa watu mwaka 1991. Wengi hudhani jina hilo ni la nyoka, yaani chatu. Sivyo. Yeye alilichukua kutoka kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza kilichoitwa Monty Python.

Sasa sikilizeni jambo moja muhimu. Python ya kawaida nayo imeandikwa kwa lugha nyingine, iitwayo C. Lugha ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi anayetaka kuijenga Python kutoka maandishi yake ya asili hana budi kuwa na mfasiri wa lugha ya C. Mfasiri huyo ni programu inayoyageuza maandishi ya C yawe amri za mashine. Huitwa kompaila. Likumbukeni neno hilo, kwa maana tutalihitaji baada ya muda mfupi.

UNGA NA MAHINDI

Mtu aweza kuipata Python kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuichukua ikiwa tayari imekwisha jengwa. Huyo ni kama mtu anayenunua unga dukani. Akifika nyumbani huteleka maji na kusonga ugali. Njia ya pili ni kuchukua maandishi ya asili na kuyajenga mwenyewe. Huyo ni kama mtu anayenunua gunia la mahindi. Hawezi kupika mpaka apate mashine ya kusaga, na chekecheke, na mahali pa kuanika.

Shauri letu ni hili: kama unga upo, nunua unga. Usijenge kitu ambacho unaweza kukipata kikiwa tayari. Lakini kuna wakati unga uliopo dukani si ule unaoutaka. Kompyuta yako huenda ina Python ya zamani kidogo, na kazi yako inataka mpya zaidi. Hapo ndipo tunapolazimika kununua mahindi.

HATUA TATU ZA UJENZI

Maandishi ya Python hupatikana bure katika tovuti ya wenyewe, python.org. Yachukue huko, si kwa mtu usiyemjua. Huja yamefungwa katika furushi moja. Katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, furushi hufunguliwa na kuingiwa kwa amri hizi mbili:

tar -xf Python-3.12.8.tgz
cd Python-3.12.8

Baada ya hapo kuna hatua tatu. Ziandikeni.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi. Amri yake ni:

./configure

Mkaguzi huyu hupita ndani ya kompyuta akiuliza maswali mengi. Kompaila ipo? Vifaa fulani vipo? Akiridhika, huandika faili liitwalo Makefile. Faili hilo ni mpango wa ujenzi, kama ramani ya nyumba. Tena kila alichouliza, na kila jibu alilopata, hukiandika katika faili jingine liitwalo config.log. Hilo ni daftari la mkaguzi.

Hatua ya pili ni ujenzi wenyewe. Amri yake ni neno moja:

make

Programu hii ya make iliandikwa na Stuart Feldman, naye alikuwa katika maabara za Bell, mwaka 1976. Kazi yake ni kusoma mpango wa ujenzi na kuufuata kwa utaratibu. Hapa kompaila hufanya kazi, na kioo cha kompyuta hujaa maandishi.

Hatua ya tatu ni kukihamishia kitu kilichojengwa mahali pake pa kudumu. Amri yake ni:

sudo make altinstall

Neno sudo ni la kuomba mamlaka ya mwenye mashine, kwa sababu mahali pale hapaguswi na kila mtu. Neno altinstall nitalieleza baadaye, kwa kuwa lina jambo kubwa ndani yake.

MFANO WA KARANI

Haya, tuchukue mfano. Tuseme chama cha ushirika kina kompyuta moja tu. Ndani yake mna hesabu za wanachama wote: nani ameleta kilo ngapi, nani amelipwa, nani bado anadai. Kompyuta hiyo inatumia Ubuntu 22.04, ambayo huja na Python 3.10. Chama kimepewa programu mpya ya hesabu inayotaka Python 3.12. Karani ametazama katika ghala la programu la Ubuntu hiyo, hakuiona 3.12 iliyo tayari. Malipo ya wanachama ni juma lijalo.

Karani huyu ana busara katika jambo moja. Kabla ya kugusa kitu chochote, ananakili hesabu zote katika diski ya nje, anaichomoa, na kuifungia kabatini. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Python ikiharibika hujengwa tena. Hesabu za watu zikipotea hazijengwi tena.

Lakini karani ana haraka. Anaandika amri zote tatu, moja baada ya nyingine, bila kusoma kinachoandikwa katikati. Mwisho anaona mstari huu:

make: *** No rule to make target 'altinstall'. Stop.

Haelewi. Anatazama mstari mmoja juu yake, anaona huu:

make: *** No targets specified and no makefile found. Stop.

Anasema, "Aha! Makefile haikuonekana. Bila shaka furushi nililochukua ni bovu." Basi analipakua furushi upya. Anarudia amri zake, na kioo kinaandika maneno yale yale. Analipakua mara ya tatu. Bando la intaneti limekwisha, na kompyuta bado inakataa.

Je, furushi lilikuwa bovu? Halikuwa bovu hata kidogo. Kama karani angepanda juu zaidi, mpaka pale mkaguzi aliposimama, angeuona mstari huu:

configure: error: no acceptable C compiler found in $PATH

Tuusome pamoja, neno kwa neno. Neno configure ni jina la anayesema: mkaguzi. Neno error maana yake ni kosa. Maneno yanayofuata yanasema kwamba hakuna kompaila ya lugha ya C iliyoonekana. Na PATH ni orodha ya mahali ambapo kompyuta hutafuta programu zake.

Sasa mambo yote yanakuwa wazi. Kompaila haikuwapo. Kwa hiyo mkaguzi alisimama, hakuandika Makefile. Kwa kuwa Makefile haikuwapo, make haikuwa na mpango wa kufuata. Na kwa kuwa hakuna mpango, make haikujua hata maana ya altinstall. Maneno ya kukataa yalikuwa matatu, lakini ugonjwa ulikuwa mmoja.

Hii ndiyo kanuni ya somo la leo. Iandikeni na kuipigia mstari: Kosa la kwanza ni mzazi; yanayofuata ni watoto. Usipigane na watoto. Mtafute mzazi.

Dawa ya kosa hili ni ndogo. Katika Ubuntu na Debian, kompaila na vifaa vyake huletwa kwa amri hii:

sudo apt install build-essential

Kisha karani anaanza tena na ukaguzi. Safari hii anangoja kila hatua imalizike, na kusoma, kabla ya kuingia hatua nyingine.

JINSI YA KUSOMA MAANDISHI MENGI

Hatua ya make huandika mistari mamia, nayo hupita mbio. Nani aweza kuisoma yote? Hakuna. Lakini yako mambo manne yanayosaidia.

La kwanza, yahifadhi maandishi katika faili. Badala ya kuandika make peke yake, andika hivi:

make 2>&1 | tee kumbukumbu.txt

Maandishi yatapita kiooni kama kawaida, na wakati huo huo yatabaki katika faili uliloliita kumbukumbu. Utayasoma kwa wakati wako, ukianzia juu.

La pili, tofautisha onyo na kosa. Neno warning ni onyo. Kompaila huonya mara nyingi, kama mzee anayewakanya watoto, na kazi huendelea. Neno error ni kosa, na kosa husimamisha kazi. Usihangaike na maonyo kumi ukaliacha kosa moja.

La tatu, usidanganywe na mstari wa mwisho. Mara nyingi make ikishindwa humalizia kwa nyota tatu na maneno Error 1 au Error 2. Mstari huo unatangaza tu kwamba kazi imesimama, hauelezi sababu. Sababu iko juu yake. Panda mpaka uione error ya kwanza.

La nne, fanya kazi kwa mstari mmoja. Watu wenye haraka huandika make -j4, maana yake kazi nne zifanywe kwa pamoja. Ni njia nzuri mambo yakienda sawa. Yasipokwenda sawa, maneno ya kazi nne huchanganyika, kama watu wanne wanaosema kwa wakati mmoja. Hapo rudia kwa make tupu, ili kosa lisimame peke yake na wewe ulione.

USHINDI WA UONGO

Ndugu wasikilizaji, sasa tunafika mahali penye mtego mkubwa zaidi. Karani amepata kompaila. Mkaguzi ameridhika, ameandika Makefile. Kazi ya make imekwisha bila kusimama. Karani anafurahi. Lakini katikati ya maandishi kulikuwa na maneno haya:

The necessary bits to build these optional modules were not found:

Na chini yake palikuwa na orodha ya majina, miongoni mwao _ssl, zlib na _ctypes. Maana yake ni kwamba baadhi ya sehemu za Python hazikujengwa, kwa sababu vifaa vyake havikuonekana. Python inaziita sehemu hizo za hiari, kwa hiyo haikusimamisha kazi. Imejenga nyumba isiyo na milango, ikasema nyumba imekwisha.

Matokeo yake ni nini? Kama zlib haipo, hatua ya kuhamisha hukwama na kuandika kwamba haiwezi kufungua data iliyobanwa:

zipimport.ZipImportError: can't decompress data; zlib not available

Kama zlib ipo lakini _ssl haipo, hatua ya kuhamisha yaweza kupita salama. Taabu hutokea baadaye, pengine siku ya pili, karani anapotaka kuongeza programu kutoka intaneti. Sehemu ya ssl ndiyo inayowezesha mazungumzo ya siri na salama kati ya kompyuta na kompyuta. Bila hiyo, programu ya pip, ambayo ni mpagazi wa Python, haiwezi kuleta mzigo. Itaandika kwamba ssl haipatikani. Karani atadhani intaneti ni mbovu, kumbe kosa lilikwisha andikwa jana katika hatua ya ujenzi.

Hapa karani atashangaa. Atasema, "Lakini OpenSSL imo katika kompyuta yangu! Nimeandika openssl version, ikanijibu kwamba ipo." Ni kweli, ipo. Basi mbona mkaguzi haioni?

Sikilizeni vizuri. Vifaa hivi huitwa maktaba. Kila maktaba ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maktaba yenyewe, inayotumiwa na programu zilizokwisha jengwa. Fungu la pili ni orodha ya yaliyomo, yaani majina ya kazi zote zilizomo na jinsi ya kuziita. Programu iliyokwisha jengwa haihitaji orodha. Kompaila inayojenga kitu kipya inaihitaji. Ni kama duka kubwa lililojaa mali: wenyeji hujua kila kitu kilipo, lakini mgeni asiye na orodha hawezi kuagiza hata sindano.

Katika Ubuntu na Debian, mafungu hayo mawili huwekwa mbalimbali. Fungu la orodha lina jina linaloishia kwa -dev. Mtu wa kawaida halihitaji, kwa hiyo halimo mpaka uliombe. Dalili yake nyingine, hasa katika ujenzi wa programu nyingi za C, ni mstari wa namna hii:

fatal error: zlib.h: No such file or directory

Ukiona jina linaloishia kwa nukta na herufi h, likifuatwa na maneno no such file, maana yake ni kwamba faili la namna hiyo halipo. Orodha imekosekana. Basi karani ataleta orodha kwa amri hii:

sudo apt install libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libbz2-dev liblzma-dev libreadline-dev libsqlite3-dev

Hapo libssl-dev ni kwa ajili ya ssl, zlib1g-dev ni kwa ajili ya zlib, na libffi-dev ni kwa ajili ya _ctypes. Ile libsqlite3-dev ni kwa ajili ya kuhifadhi data katika hazina ndogo iitwayo SQLite, nayo programu za hesabu huitumia sana. Katika mfumo wa Fedora majina hubadilika kidogo na kuishia kwa -devel, mathalan openssl-devel na zlib-devel, na amri ni dnf badala ya apt.

Jambo moja watu husahau. Ukishaleta vifaa, usiendelee pale ulipoishia. Mkaguzi alikwisha andika katika daftari lake kwamba havipo, na ujenzi hufuata yale aliyoyaandika. Futa ya zamani, uanze upya:

make distclean
./configure
make
sudo make altinstall

Na je, kama kompyuta ni ya zamani sana? Tangu Python 3.10, iliyotolewa mwaka 2021, OpenSSL iliyo chini ya 1.1.1 haikubaliwi. Hapo hata ukileta orodha, sehemu ya ssl haitajengwa. Tatizo haliko katika kukosekana kwa kitu, bali katika umri wake. Dawa ni mfumo mpya zaidi, au OpenSSL mpya zaidi. Kwa hiyo ukisoma kosa, soma na namba zilizomo. Namba nazo zina habari.

KUJARIBU KABLA YA KUSHANGILIA

Fundi mzuri haondoki kabla ya kujaribu bomba kama linatoa maji. Sisi nasi tutajaribu kwa amri hii:

python3.12 -c "import ssl, zlib, ctypes, sqlite3"

Amri hii inaiambia Python ilete sehemu nne. Kama zote zipo, haitasema neno. Kimya chake ni habari njema. Kama moja haipo, itaandika ModuleNotFoundError pamoja na jina la sehemu iliyokosekana. Utajua mara moja ni kifaa gani cha kwenda kutafuta. Ni afadhali kujua leo kuliko kujua siku ya malipo, watu wakiwa wamepanga foleni mlangoni.

TAHADHARI TATU

Nimeahidi kulieleza neno altinstall. Ubuntu yenyewe hutumia Python yake katika kazi zake nyingi za ndani. Ukiandika make install, Python yako mpya itachukua jina python3 katika mahali panapotafutwa kwanza, na programu zilizozoea ile ya zamani zitakutana na mgeni. Ukiandika make altinstall, mpya itaitwa python3.12 tu, na ile ya zamani itabaki na jina lake. Wawili hao watakaa nyumba moja bila ugomvi.

Tahadhari ya pili: usiiondoe Python iliyokuja na mfumo, eti kwa kuwa sasa unayo mpya. Vitu vingi vimeegemea juu yake. Ukiiondoa katika Ubuntu, waweza kuondoa pamoja nayo madirisha, vitufe na mambo mengine ya kompyuta yako, ukabaki na kioo cheusi.

Tahadhari ya tatu yahusu neno denied. Ukiona Permission denied, maana yake umekatazwa. Usikimbilie kulazimisha. Jiulize kwanza: je, mahali hapa ni pangu? Kama huna mamlaka juu ya mashine, jenga Python katika eneo lako mwenyewe, kwa kumwambia mkaguzi tangu mwanzo:

./configure --prefix=$HOME/python312

Hapo hutahitaji sudo katika hatua ya kuhamisha, wala hutagusa mali ya mwingine. Ukitaka kuiita Python hiyo, utaikuta ndani ya folda ya bin, chini ya python312.

UKIHITAJI MSAADA

Kuuliza si ujinga. Lakini yako maswali yanayosaidiwa na yako yasiyosaidiwa. Mtu akimwambia fundi, "Python imekataa," fundi atafanya nini? Ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari, "Naumwa," kisha akanyamaza.

Andika mambo manne. Kwanza, mfumo wa kompyuta yako na namba yake. Pili, lugha unayoijenga na namba yake. Tatu, amri uliyoandika, herufi kwa herufi. Nne, kosa la kwanza lililoonekana, pamoja na mistari michache iliyo juu yake. Usiyafasiri maneno ya mashine, wala usiyafupishe. Yanakili kama yalivyo. Ukiweza, peleka pia lile faili la kumbukumbu na lile la config.log.

Mara nyingi utaona kwamba ukishaandika mambo hayo manne kwa utulivu, jibu lenyewe limekwisha onekana.

Haya basi, ndugu wasikilizaji, tukusanye tulichojifunza. Mashine ikikataa, huandika sababu. Panda juu, utafute kosa la kwanza. Tofautisha onyo na kosa. Kitu kikikosekana, kilete, kisha uanze upya tangu ukaguzi. Usiamini kwamba kazi imekwisha mpaka umeijaribu. Na kabla ya yote, weka nakala ya hesabu za watu.

Nawatakia mazungumzo mema darasani. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BAADA YA SOMO

1. Someni kwa sauti maneno matano yaliyoandikwa ubaoni. Kila neno lina maana gani?
2. Karani aliona maneno matatu ya kukataa. Lipi lilikuwa mzazi? Mmejuaje?
3. Kwa nini kulipakua furushi upya hakukumsaidia karani?
4. Elezeni kwa maneno yenu wenyewe tofauti kati ya maktaba na orodha ya yaliyomo.
5. Kuna tofauti gani kati ya make install na make altinstall?
6. Kila mwanafunzi aandike barua fupi ya kumwomba fundi msaada, akitaja yale mambo manne. Kisha wabadilishane barua na kuulizana: je, fundi akisoma barua hii ataelewa?